Waliponiuliza Friji Ni ya Nani, Nilikana

Admin, naomba ufiche jina langu, maana hapa Kisugu, Kampala, tunasomana sana. Ni mama wa watoto watatu, miaka 34, Mkenya niliyeolewa na Mkenya mwenzangu. Nasafisha duka kubwa kule Ntinda, mume wangu ni askari wa geti. Tunafanya kazi wote wawili na bado mwisho wa mwezi tunalalia uji.

Kuna shirika lilikuja mtaani na mpango wa kuwaongezea pesa kidogo wazazi wenye mishahara midogo. Kabla hawajakupitisha, wanaingia ndani kuangalia unavyoishi. Watu wakasema wakiona friji tu, umekwisha. Sasa mimi ninayo. Ilikufa zamani, naweka unga na sahani humo, lakini nani angenisikiliza? Kwa hofu nikamwomba jirani yangu Mama Hadija aniwekee kwake, nikamdanganya kwamba paa letu linavuja. Ni mjane wa Kinubi, mpishi wa shule ya chekechea, mpole kupita kiasi.

"Leta tu, jirani," akasema. "Mimi iko na nafasi."

Sikujua kwamba na yeye alikuwa ameomba msaada huo.

Walianza kwake. Nilisikia kupitia ukutani kijana wa shirika akimwambia, "Nyabo, mama, unasema wewe maskini na friji kubwa hii?" Akajibu, "Si yangu, ni ya jirani." Wakacheka. Kisha wakaja kwangu, wakaniuliza kama kuna friji yangu kwa jirani. Mdomo ukatangulia. Nikasema sina friji.

Mimi nimepita, Mama Hadija ameachwa. Tangu hapo sina amani. Mtu akibisha hodi nahisi ni polisi. Mume wangu naye ananiongezea woga: "Nyamaza. Sisi huku ni wageni. Wakijua umewadanganya utaenda jela ya Luzira, na hawa watoto utamwachia nani?" Sijui kama mtu hufungwa kwa jambo kama hili, lakini naishi kama nimeshahukumiwa.

Sasa Mama Hadija amelalamika kwa chairman wa mtaa, na watu wa shirika wameitwa kesho. Leo jioni alikuja akaketi kwenye mkeka wangu. Hajui niliwajibu nini.

"Kesho tunaenda wawili," akaniambia. "Wewe utasema tu friji ni yako, maneno itaisha. Mimi sina shahidi mwingine." Akanihakikishia kwamba ameifunika shuka isiingie vumbi, eti nisiwe na wasiwasi nayo. Nilishindwa hata kumtazama, nikaitikia kwa kichwa.

Nikisema kweli, watoto wangu wanakosa, na labda wananikosa mimi pia. Nikikana tena, nakana mbele ya macho yake. Jamani, asubuhi atanipitia. Nishaurini, wakiniuliza friji ni ya nani, nijibu nini?