Mbuzi Wangu Peke Yangu

Jirani yangu hapa Lodwar akimwaga maji mbele ya duka kutuliza vumbi, ule mchanga ukinuka, mimi kimawazo nimesharudi utotoni, kisimani.

Siku hiyo shuleni tulifundishwa neno la Kiingereza, mine, yaani yangu. Nikalibandika kila mahali: kikombe mine, kivuli mine, jua lenyewe mine. Jioni, kwenye kisima tulichochimba katika mto mkavu, nikamkumbatia mbuzi aliyenipa baba, nikawakataza binamu zangu kumgusa.

"Hiyo mbuzi ni ya nani?" akauliza nyanya kutoka chini kisimani, maji magotini.

"Mine! Yangu peke yangu!"

"Ejok, vyema. Basi mnyweshe peke yako."

Akatoka, na binamu waliokuwa wamejipanga kutoka chini hadi juu wakipokezana karai la maji wakatoka pia, wakicheka. Kisima kile kilishinda mnara wa simu kwa urefu! Nikachota, nikapanda, maji yote yakaniishia kichwani. Juu, mbuzi analia kwa kiu.

"Nyanya, ni yetu!"

Mikono ikarudi. Mbuzi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Usiku tulipokezana maziwa yake katika kibuyu kimoja. Binamu mdogo kuliko wote akakikumbatia, povu hadi puani, akasema, "Mine."