Maksai Niliyempasua Ringwani

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije kunitafutia vyeti. Lakini nyumba ninayoishi hapa Ringwani nimeijenga mwenyewe, tofali hadi kenchi. Madirisha nimeyachomelea mwenyewe. Redio nilijifunza Bomani, Tarime mjini, kwa kukaa kwenye kibanda cha fundi mmoja miezi mingi nikimshikia waya, mpaka siku aliyougua nikafungua kibanda peke yangu na wateja hawakuona tofauti. Mashine ya kusaga naifungua na kuifunga. Mizinga ya nyuki nachonga. Ng'ombe nazalisha, nawaunga mifupa, nawachoma sindano. Watu wakigombania mpaka wa shamba, naitwa mimi.

Kwetu Wakurya mtu mzima alitakiwa awe hivyo. Baba yangu alijenga, alitibu, aliamua kesi, na alijua ukoo wa kila mtu mpaka ng'ambo ya mto. Aliyejua jambo moja tu tulimwona kama kigoda cha mguu mmoja. Ndiyo maana wasomi wa siku hizi walinichekesha. Wa macho hatibu meno, wa meno hajui goti. Niliwahi kwenda hospitali nikapitishwa milango minne kwa mwili huu mmoja. Habari hiyo niliisimulia kwenye kila sherehe, na kila nikiisimulia naongeza mlango.

Basi tukaletewa bwana mifugo mpya wa kata, naye akawa binti. Watu waliendelea kumwita bwana mifugo, akaitika. Aliponiamkia mara ya kwanza nilimuuliza kama anajua kutengeneza ile pikipiki aliyokuja nayo. Akasema hajui, ana fundi wake. Nikamuuliza kama anaweza kujenga hata banda la kuku. Akasema anajua banda linavyotakiwa kuwa, ila kujenga ataita fundi. Nikawaambia waliokaa pale kwamba tumeletewa kipande cha mtu. Walicheka sana. Yeye alitabasamu kidogo akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mjane wa marehemu mdogo wangu anaishi mbele ya boma langu, tunatenganishwa na njia tu. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, ndio waliokuwa wanamlisha. Asubuhi moja alimkuta mmoja amekufa zizini. Jana yake alikula vizuri, akalima mpaka saa sita. Sasa alikuwa chini, damu inamtoka puani, nyeusinyeusi. Shemeji aliniita mimi, na jirani mmoja akampigia simu bwana mifugo. Nikaichukua ile simu.

"Shikamoo, mzee. Naomba msimguse, na msimpasue kabisa. Damu ya puani namna hiyo inaweza kuwa kimeta. Niko mbali lakini nakuja."

"Kimeta nakijua kabla hujazaliwa," nikasema. Nilikuwa nimekisikia kwa watu tu. "Hii ni ndigana, homa ya kupe tu."

"Inawezekana, baba. Mimi mwenyewe sijui mpaka nipime. Ndiyo maana nasema msimpasue."

Nilishika hilo neno moja tu. Nikafunika simu kwa kiganja nikawatangazia watu kwamba mtaalamu wenu mwenyewe anasema hajui.

Kwetu ng'ombe hazikwi. Kumfukia na nyama yake ni kama kumtakia mabaya mwenye zizi, na isitoshe kila kiungo kina mwenyewe. Kuna sehemu ya rika la wazee, kuna ya wajomba, kuna ya wanawake. Kabla ya kugawa, mzee anayejua hufungua tumbo na kusoma matumbo, aseme mji uko salama au hauko. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Shemeji alishika mguu wa mbele ili nipate nafasi. Kiganjani alikuwa na mchubuko wa mwiba wa ua wa zizi. Niliuona.

Nikafungua. Bandama ilikuwa kubwa kupita kiasi, nyeusi, imelainika kama tope. Damu haikuganda. Katika maisha yangu sikuwahi kuona bandama ya namna hiyo. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu nilijua palepale kwamba sijui. Watu walikuwa wamenizunguka, wanasubiri kinywa changu. Nikasema ndigana imepanda mpaka kwenye bandama, ipikwe sana, haina neno. Nikagawa.

Bwana mifugo alipofika alikuta ngozi tu, na hakuna aliyekubali kumwambia nyama imekwenda wapi. Nilijificha shambani.

Siku ya tatu mkono wa shemeji ulitoa kipele kinachowasha. Nikasema buibui. Kipele kikawa kidonda chenye weusi katikati, wala hakikumuuma, nami nikasema ni jipu lililokataa kuiva. Nikalipasua kwa wembe, nikaweka majani. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba mpaka begani na anaongea maneno yasiyofuatana. Tukampakia pikipiki mpaka hospitali ya Mugumu, mimi nikiwa nyuma nimemshikilia.

Daktari alikuwa kijana. Aliangalia kile kidonda muda mrefu. Akaniuliza kama huyu mama amegusa mnyama yeyote aliyekufa mwenyewe.

Nikasema hapana.

Akauliza tena, polepole, labda alidhani sisikii vizuri. Ngozi? Nyama? Nikasema hapana, mama huyu ni mkulima tu. Akaandika, akatoka. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa bado naamini ni ndigana. Siwezi. Nilikuwa nimeshajua tangu kidonda kilipoweka weusi. Nilisema hapana kwa sababu nikisema ndiyo, Ringwani nzima itajua kwamba mzee alisoma matumbo akasoma uongo. Nikaupima uhai wa shemeji na jina langu, nikakaa kwenye benchi na jina langu.

Nilikaa hapo tangu kabla ya saa sita mpaka jua likapinda. Niliingia kumtazama. Mkono ulikuwa mnene kama paja. Alifumbua macho, akanitambua.

"Shemeji, yule aliyebaki nani anamnywesha maji?"

"Yupo mtu," nikasema.

"Usimlimishe peke yake. Atachoka."

Nikatoka. Mlangoni kwa daktari palikuwa na foleni, sikuipanga. Nikamwambia nikiwa nimesimama mbele ya wagonjwa wake, "Daktari, ng'ombe yupo. Alikufa mwenyewe. Nilimpasua mimi, na huyu mama alinishikia mguu." Hakunigombeza. Alimwita muuguzi, wakabadilisha dawa, kisha akachukua karatasi nyingine akaniuliza nani wengine walikula. Nikaanza kutaja nyumba.

Shemeji alipona. Vidole viwili havikunjiki tena, na sasa anapalilia kwa mkono mmoja. Hajawahi kuniuliza lolote, na ningefurahi angeniuliza.

Sijutii kujifunza mengi. Nikijaliwa nitajifunza na mengine, na kijana anayejivunia kutojua kufunga hata bawaba bado simwelewi. Lakini yule binti alijua elimu yake inaishia wapi, akasimama hapo na kusema. Mimi ninayeitwa kuamua mipaka ya mashamba ya watu, ya kwangu kichwani sikuwahi kuipima.

Kesho ya siku ile niliyokiri kwa daktari, hospitali ilimpa binti habari, naye akaja na mfuko wa vidonge kutoka zahanati. Sehemu ipi ilikwenda nyumba ipi, mimi peke yangu ndiye niliyejua, kwa hiyo tulizunguka pamoja. Kila mlango nilisema mwenyewe: niliwaambia ndigana, ilikuwa kimeta, mezeni dawa hizi. Wengine waliguna. Mama mmoja alifunga mlango akapokea dawa dirishani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwenzangu wa rika, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja. Nilimpa ubavu mzima siku ile. Alinisikiliza akiwa amekaa.

"Mura," akasema, "juzi ulisema ndigana, leo kimeta. Nimwamini yupi kati ya hao wawili?"

"Usiniamini mimi. Muulize huyu binti."

"Wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka. Wewe umeshika mangapi?"

Akaniuliza kama mimi nimemeza. Nilikuwa sijameza. Siku nzima nilikuwa nimejihesabu upande wa wanaogawa dawa, wakati nyama niliila kama wao.

"Basi anza wewe," akasema.

Binti akanihesabia vidonge kiganjani, akanieleza ni vingapi kwa siku na kwa siku ngapi, na kwamba nisiache hata nikijisikia mzima. Kisha akanitaka nirudie. Nikarudia, nikakosea. Akasema tena, taratibu, bila kucheka, na mwenzangu ananitazama. Mara ya pili nilipatia. Nikameza kwa maji ya kikombe cha mwenzangu, naye ndipo akanyoosha mkono.