Wimbo Mmoja wa Dada Yangu

Dada yangu alirekodi wimbo mmoja tu maishani, na nusura umuue.

Nilikuwa nimemaliza Form Four kwetu magharibi alipoomba niende Kitengela nimsaidie kulea mtoto wake wa kwanza. Waliishi kwenye ploti ya vyumba sita vya mawe, ng'ambo ya barabara ya Namanga. Vumbi la kwari, machimbo ya mawe yaliyokuwa karibu, lilitua kila mahali, hadi kwenye sufuria ya chai. Mume wake alikuwa msimamizi wa wachonga mawe, mtu wa bidii na utani mwingi. Ilinichukua wiki tatu kujua kwamba anampiga.

Hakumpiga usoni. Alipiga mbavu na mgongo, mlango umefungwa, redio imewekwa juu. Mimi nilikaa nje na mtoto, nikijifanya sisikii. Baadaye dada alitoka kuanika nguo akichechemea, na jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa, alisimama karibu naye pale kwenye kamba.

"Takwenya," alimsalimu.

"Iko," dada aliitikia.

"Leo tena ni nini?"

"Niliteleza, mama."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila wakati. Mama wa maziwa alimtazama, akatema mate chini, akaenda zake.

Dada alikuwa na sauti. Kwaya ya kanisa ilimtegemea, na ndiko mwenye studio moja ya Nairobi alikomsikia akamwambia aje na wimbo wa kucheza. Shemeji alikubali haraka. Alitaka kuitwa mume wa msanii. Dada aliutunga akiosha nguo za mtoto: "Niliteleza mlangoni, niliteleza jikoni, niliteleza tena leo, nani alimwaga maji?" Mdundo ulikuwa mwepesi, wa furaha. Ulipoanza kuchezwa redioni, vijana walibuni staili ya kuburuta mguu mmoja kama mtu anayeanguka, na kufikia Krismasi kila mtu Kitengela alikuwa anateleza. Shemeji pia. Alitembea na kaseti kwenye mfuko wa shati akiwaonyesha watu picha ya mkewe. Sijui kama hakuelewa maneno au alidhani hakuna mwingine atakayeyaelewa.

Jumamosi moja mchana nilitumwa bucha. Shemeji alikuwa pale na wenzake wa kwari, nyama choma mbele yao, na redio ikapiga ule wimbo. Akainuka kucheza. Wenzake wakampigia makofi. Mama wa maziwa alikuwa akipita na mtungi wake. Alisimama, akamwangalia akiburuta mguu, halafu akasema kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Huyu mwanaume anacheza damu ya bibi yake."

Kisha mmoja wao akauliza, "Kumbe ni wewe ulikuwa unamwaga maji?" Wote wakaangua kicheko.

Shemeji alifuta mikono kwa gazeti, taratibu, kidole kwa kidole, akaondoka. Nikamfuata mbio, lakini hatua zake zilikuwa ndefu.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Safari hii hakujali nani anaona. Dada alikuwa amepiga magoti kati ya kiti na kitanda, na shemeji ameishika redio kaseti kwa mshikio, nzima na betri zake sita.

"Imba," alisema. "Si unaimba? Imba sasa!"

Akampiga nayo tayani. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mdogo kama wa kuni kavu. Meno mawili yaliruka yakaangukia beseni la mtoto. Akainua redio tena.

Nyundo zake za kazi zilikaa nyuma ya mlango. Nilichukua moja kwa mikono miwili nikampiga kwenye kiwiko. Mkono ukalegea, redio ikaanguka, naye akapiga magoti akilia kama ng'ombe. Hapo dada alikuwa ameshaokoka. Angalau hivyo ndivyo nilivyosema polisi nilipoandika taarifa. Sikuwaambia kwamba nilimpiga tena pale pale, akiwa chini, akisema "Shemeji, basi." Hicho kipigo cha pili hakuna aliyenilazimisha. Nilikitaka. Ningeongeza cha tatu kama mama wa maziwa hangeingia akanishika kiuno kwa nguvu, mtungi wake ukipasuka kizingitini.

"Utamuua, na utafungwa wewe," alinipigia kelele sikioni. "Wacha! Wacha, mtoto wangu!"

Dada alilazwa wiki nyingi, taya limefungwa waya, akinywa uji kwa mrija. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ilijazwa, kesi ikasikizwa Kajiado. Wazee wa ukoo wa shemeji walikuja kutoka nyumbani kuomba mambo yamalizwe kifamilia. Dada, ambaye bado hakuweza kusema vizuri, aliandika kwenye karatasi: HAPANA. Mama wa maziwa alitoa ushahidi kwa Kimaasai, mkalimani akihangaika kumfuata. Shemeji alifungwa miaka mitatu. Wakati huo wote wimbo uliendelea kuchezwa harusini, na mwenye studio alikuja mara mbili kuomba mwingine. Mdomo wa dada haukufunguka tena vya kutosha. Sauti ilitoka imebanwa, akaiacha.

Alipotoka gerezani, shemeji alikuja adhuhuri akasimama langoni. Mkono wake wa kulia haukunyooka. Aliomba kumwona mtoto.

"Mtoto utamwona," dada alisema. "Mimi hutaniona tena baada ya leo."

Akampa kiti nje, akamletea chai. Mtoto alimzunguka kwa mbali, akimwogopa. Shemeji alikunywa kwa mkono wa kushoto, akishukuru kila mara, na hakunitazama hata kidogo. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeificha mikono kwenye leso, kwa sababu bado ilikitaka kile kipigo cha tatu.