Mdogo Wangu Alivyojifunza Kula Majani

Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori. Majirani wanamwita Honi, kwa sababu akikusalimia wewe, mtaa mzima unaitikia. Tangu mkewe afariki anaishi kwangu, na muda wote huo sikuwahi kumwona akimeza jani la mboga. Nikipika mboga anaisogeza pembeni mwa sahani kama anaegesha gari, halafu anakula nyama. Kesho yake napika tena. Sishindwi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Binti yake alipohama alituachia simbilisi, kamnyama kasiko na mkia, manyoya rangi ya chai ya maziwa. Nikasema kwangu panya hakai. Honi akasema huyo si panya, na mwisho wa wiki atampa mtu. Wiki ikaisha, mtu hakuonekana, na kisanduku kikahamia chumbani kwake. Akamwita Bosi. Bosi akisikia funguo za Honi mlangoni anapiga filimbi, na lile jitu linamjibu kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi dada yake sikuijua.

Kisha Bosi akaanza kulia akikojoa, na kitambaa chake kikawa na damu. Daktari wa wanyama, binti mpole, akampiga picha ya tumbo akaona jiwe kwenye kibofu. Lazima apasuliwe. Sasa, Honi aliwahi kupasuliwa ngiri, kwa hiyo upasuaji anaujua yeye. Asubuhi ya siku yenyewe akaficha majani yote, ili mgonjwa aende na tumbo tupu kama alivyokwenda yeye. Daktari alipouliza mgonjwa amekula nini, akajibu kwa fahari kwamba hajagusa kitu.

"Baba," daktari akasema, "huyu hatapiki kama sisi. Na tumbo lake halipumziki. Likisimama, ndiyo basi. Mlishe kwanza, ndipo nimguse."

Honi akanywea. Akakaa kwenye benchi kati ya mbwa wawili, anamwomba Bosi msamaha jani kwa jani.

Jiwe lilitoka, kubwa kama punje ya hindi. Tukarudi nyumbani na mgonjwa mwenye mshono, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kumlishia uji wa majani. Daktari alituambia kazi yetu ni kungojea kinyesi. Akila mwenyewe na kinyesi kikitoka, amepona. Kisipotoka, tumbo limesimama.

Bosi hakula. Uji aliutema wote, ukaganda kwenye ndevu za Honi. Mdogo wangu akampigia daktari simu, honi yote imemwishia. Daktari akamweleza kwamba hawa hula kwa kundi, mmoja akimwona mwenzake anatafuna naye hutafuna. Je, anaye mwenzake?

Honi akanitazama.

"Usinitazame," nikamwambia. "Mimi mboga nakula mezani."

Basi akalala kifudifudi sakafuni, tumbo lote lile, akaanza kutafuna hewa. Bosi akamwangalia, akageuza uso. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Hata yeye anajua unadanganya. Meza, mdogo wangu."

Akachukua jani la karoti, bichi, akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga. Akachukua jingine. Nikavuta kiti karibu nikatafuna langu kwa meno niliyobakiwa nayo, maana kundi la mtu mmoja si kundi. Bosi akainua pua. Akajivuta taratibu hadi usoni pa Honi, akaling'ata jani lililokuwa likining'inia mdomoni mwake. Wakalitafuna, huyu huku na huyu kule, mpaka pua zikagusana.

Honi hakuthubutu kupumua. Mimi ndiye niliyekiona kwanza, juu ya kitambaa cheupe, cheusi kama haragwe dogo, na kingine nyuma yake.

"Dereva," nikamwambia, "mzigo umeshuka."

Alitoka nje na fulana, kinyesi kiganjani, anakionyesha nyumba kwa nyumba. Mwenye duka alimfungia dirisha. Wengine wote walimpongeza, na sauti yake ilisikika mpaka barabara kubwa.

Siku hizi nikipika mboga anamaliza sahani. Anasema anafanya hivyo kwa ajili ya Bosi tu, asijione mpweke. Sibishani naye. Namwongezea.