Sauti ya Mama Iliyowekwa Foleni

Fundi cherehani alipotezewa sauti ya marehemu mama yake na shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mumewe. Rekodi pekee, bibi akiwasimulia wajukuu, ilikuwa kwenye studio ya shemeji, aliyeapa kwamba kila kazi hunakiliwa kwenye kompyuta ya mji mwingine. Lakini kompyuta hiyo aliinunua ndogo, ya kutosha kazi chache za mwanzo tu. Video za harusi zilipoongezeka ikakaribia kujaa, na mtandao wake wa kusuasua ukashindwa kuzibeba. Akatanguliza za wateja. Kisha radi ikaunguza studio.

“Si ulisema vyote vinakwenda kule?”

“Ya mama ilikuwa foleni, shemeji. Niliona hiyo ya nyumbani itasubiri.”

“Mama yangu umempanga foleni, kama mwenye ndoo bombani?”

Shemeji akajikohoza, akainamia simu.

Siku hizi fundi hushona huku akiitafuta sauti ile kichwani, nayo inazidi kufifia. Watoto wakiuliza, baba yao mdogo huwaambia ni radi. Radi haikununua kompyuta ndogo, wala haikupanga foleni. Shemeji bado ana deni la kuwakalisha watoto hao na kuwaambia alichofanya.