Mwandishi Aliyeyajaza Mabano

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kikao kulia, Ermelinda Cabañas alikuwa akiuzamisha mkono wake wa kulia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akihesabu polepole hadi mia, kisha akiuacha ukauke wenyewe bila kuufuta. Alifanya hivyo katika chumba cha waandishi wa hati mkato, nyuma ya ukumbi wa Bunge, pale Asunción, mji mkuu, mbele ya wenzake waliomwita Ña, yaani Bibi, na ambao hawakuchoka kumtania.

"Supu itaiva saa ngapi leo, Ña Erme?"

"Supu ya mifupa haina haraka," naye aliwajibu.

Mkono huo ulikuwa kazini tangu Ermelinda akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Kwa muda mrefu kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kama kunakili sala. Enzi za jenerali aliyeitawala nchi, wabunge waliingia, wakasifu, wakanyoosha mikono, wakaenda kula. Ermelinda angeweza kukiandika kikao cha Alhamisi siku ya Jumatano asikosee hata nukta.

Kisha jenerali akaondoka, uchaguzi ukafanyika, na Bunge jipya likaingia na vumbi jekundu viatuni. Kipindi hicho cha miaka minne hakikufanana na kingine chochote alichokiona. Wabunge waliulizana maswali na, ajabu zaidi, walisubiri majibu. Mpini wa kengele ya Spika ulivunjika mara mbili. Siku moja kikao kiliahirishwa kwa sababu kambi mbili zilikataa kunywa terere, chai baridi ya majani, kutoka pembe moja ya ng'ombe, na kesho yake kikaanza mapema kwa sababu joto lilikuwa limezipatanisha. Waandishi, waliozoea kusinzia, walirudi nyumbani vidole vimevimba.

Kulikuwa na desturi moja ambayo haikuguswa na uchaguzi. Mbunge akizungumza Kihispania, kalamu zilikimbia. Akihamia Kiguarani, lugha ya wenyeji, kalamu zilipumzika, na mwandishi akaweka ndani ya mabano: Mheshimiwa anazungumza Kiguarani. Akirudi kwenye Kihispania, kalamu zikaamka. Hakuna aliyeliona hilo kuwa baya. Alama za hati mkato zilibuniwa kwa Kihispania, basi. Ila watu wale walikihamia Kiguarani pale hasa walipokasirika, walipotania, au walipochoka kuficha jambo.

Aliyekihamia mara nyingi kuliko wote alikuwa Liborio Ovelar, mkulima wa pamba kutoka Caaguazú, aliyevaa koti moja kipindi kizima. Alianza kwa Kihispania cha kuazima, sentensi tatu, nne, kisha akavuta pumzi na kuingia kwenye lugha yake kama mtu anayevua viatu vinavyobana.

Ermelinda alizaliwa Yuty, mashambani, kwenye nyumba ya Kiguarani. Shuleni alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi kila aliposahau na kusema Kiguarani. Labda ndiyo sababu, wiki ya pili ya Bunge lile, Ovelar alipovuta pumzi yake na kalamu zote zikalala, kalamu ya Ermelinda haikulala. Sauti za puani hazikuwa na alama, akazitungia vinukta. Mkuu wao, Don Anselmo Fretes, alimwona, akamwita pembeni na kumwambia kwa upole kwamba hata yeye mama yake alimbembeleza kwa lugha hiyo, lakini aweke mabano, wasije wakalaumiwa.

Akaweka mabano katika nakala safi. Lakini kurasa za rasimu, ambazo kwa kanuni zilipaswa kuchanwa na zisitoke nje ya jengo, hakuzichana. Alizitia kwenye mfuko wa kitambaa na kwenda nazo nyumbani, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mwaka wa pili ndipo lilipokuja suala la Takuara Poty. Familia sitini na tatu zilikuwa zimelima ardhi hiyo kwa muda mrefu bila hati, na Ovelar alileta muswada ili wapewe. Mpinzani wake alikuwa Evaristo Sanabria, mbunge mfugaji mwenye sauti nzito, aliyemtetea mwenye ardhi, jirani yake. Walibishana wiki tano. Siku ya mwisho Sanabria aliinuka, akavuka ukumbi, akaketi karibu na Ovelar, na wazee hao wawili wakazungumza kwa robo saa kwa Kiguarani, kwa sauti ya kusikika na wote, mpaka wakaafikiana juu ya mpaka. Ukumbi ukapiga makofi. Sheria ikapita, nayo ikasema ardhi itakatwa kwa mpaka uliokubaliwa ukumbini. Hakuna aliyekumbuka kuutaja mpaka wenyewe. Wa nini, na kila mtu ameusikia kwa masikio yake?

Ovelar alifariki kabla ya mavuno ya mwaka wa nne. Miezi miwili baadaye wapimaji wakaja Takuara Poty, na uzio wa waya ukapita upande wa familia, na kijito kilichowapa maji kikabaki chote kwa mwenye ardhi. Familia zikamtuma Ña Blásida, mwanamke mfupi asiyenyanyua sauti. Alikaa kwenye benchi mbele ya kamati ya Bunge akiwa na kikapu cha chipa, mikate ya jibini, magotini, akaomba wamsomee walichoahidiwa. Mwenyekiti akafungua taarifa rasmi na kusoma: Waheshimiwa wanazungumza Kiguarani.

Sanabria aliulizwa. Akajikuna kidevu, akasema miaka miwili ni mingi. Huenda kijito kilikuwa ndani, huenda nje, hawezi kuapa.

Ermelinda ndiye aliyekuwa akiandika siku hiyo. Aliandika hata yale ya Ña Blásida, aliyesema kwamba bila kijito watalazimika kuhama, kwani pamba inaweza kuvumilia kiu, lakini mtoto hawezi. Jioni akamfuata Don Anselmo.

"Rasimu za siku ile ninazo. Nikizileta, nitafukuzwa?"

Don Anselmo aliufunga mlango. "Kanuni inasema hivyo. Na umebakiza miezi kumi na minne ustaafu."

"Nisizilete, basi?"

"Sijasema hivyo, dada. Nimesema kanuni inasema nini. Kamati inaanza kesho saa tatu."

Saa tatu asubuhi Ermelinda aliingia na mfuko wake. Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kusema neno ndani ya kamati, na sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba. Alisoma moja kwa moja kutoka kwenye alama zake, kwa Kiguarani, pamoja na vikohozi na vicheko. Mwanasheria mmoja alinong'ona kwamba mtu anaweza kujitungia chochote kwa vinukta vile. Ermelinda akafika pale Sanabria aliposema: "Chukueni kijito, Liborio. Hata kikibaki upande wetu, nyumbu wa mizigo wa mama mkwe wangu atakinywa chote hadi matope, halafu mama mkwe atanilaumu mimi kwamba nyumbu kanenepa."

Kamati ikageuka kumtazama Sanabria. Alikuwa akipambana na uso wake, lakini mabega yalimsaliti. Akacheka mpaka akatoa leso.

"Maneno yangu hayo," akasema. "Nyumbu yule mnamjua? Nani mwingine angeweza kumtunga? Kijito ni chao. Andikeni."

Uzio ukasogezwa kabla ya mvua. Ermelinda akapewa barua ya onyo na wiki moja ya kukaa nyumbani, ambayo aliitumia kulala. Aliporudi, Don Anselmo alikuwa ameweka ubao chumbani, akamwomba awafundishe wenzake vile vinukta. Waliomtania kwa supu wakakaa mstari wa mbele wakilalamika kwamba mwalimu anakwenda mbio. Miezi ya mwisho ya kipindi kile, taarifa zilitoka nene mara mbili kuliko zamani, na Ña Blásida aliomba nakala moja, akatundika ukurasa wenye maneno yake ukutani ingawa hakujua kusoma.

Siku Bunge lilipovunjwa, waandishi walibaki wakipanga majalada. Nimia Duré, mwandishi mpya, msichana asiye na maneno mengi, alifanya kazi kando ya Ermelinda mchana kutwa akimeza swali lake. Mwishowe likamtoka.

"Ña Erme, miaka yote ile hakuna aliyekutuma, wala hukujua kama rasimu zile zitahitajika. Kwa nini uliandika?"

Ermelinda alifunga jalada, akalisukuma mahali pake.

"Walikuwa wanaongea, mwanangu."