Kamiyo Ilisimama, Sisi Tukaendelea

Nani wa rika langu amesahau tulivyoshuka kutoka Kilembwe kwenda soko la Baraka, tumekaa juu ya magunia ya mihogo, juu kabisa ya kamiyo, lile lori la mizigo, vumbi jekundu hadi kwenye meno? Utamu ulioje! Unatafuna karanga, upepo unakupiga usoni, ziwa linatokea kule chini, na wote mnapiga kelele.

Mizigo yote ilifungwa kamba: magunia, madumu ya mawese, hata mbuzi. Watu tu ndio hawakufungwa. Siku moja mama alivua kitenge chake cha juu, akakizungusha kiunoni mwangu na kunifunga kwenye kamba ya mbuzi. Bahati, mtoto wa baba mkubwa, alicheka hadi karanga zikamponyoka.

"We uko muntu ao uko mbuzi?"

Nilimwomba mama anifungue kabla hatujafika Fizi nilikosoma, maana wanafunzi wenzangu wangeniona. Hakunitazama hata. "Mbuzi tunafunga, mutoto wangu nimuache?"

Kwenye kona, ng'ombe wa kutoka Minembwe walikuwa wamejaa barabara nzima. Shofa akakanyaga freni kwa nguvu zote. Kamiyo ikasimama. Bahati hakusimama! Aliruka juu ya kabini kama jiwe la manati, akapita katikati ya pembe, akatua kwenye matope ya shamba la mpunga. Nami nilirushwa, kitenge kikanikamata tumboni, nikarudi chini puu. Mama alining'inia kwenye kamba hadi viganja vikachubuka. Mbuzi aliendelea kutafuna.

Bahati alivunjika mkono, na huku analia akamlaumu shofa kwamba amemtupa. Shofa akashuka, akamjibu:

"Mi nilisimamisha kamiyo. We, hakuna mwenye alikusimamisha."

Hiyo ndiyo fizikia yangu yote, maana shule yangu iliishia darasa la sita. Mwili ulio mwendoni unaendelea kwenda mpaka kitu kiushike.

Siku hizi taksi za Baraka zina mikanda ya kweli. Wadogo zetu wanaikalia ili mashati yasikunjamane, macho kwenye simu, na wananicheka ninapofunga wangu. Nacheka pia, kwa aibu. Leo kila kiti kina mkanda wake. Enzi zile kitenge kilikuwa kimoja, na mama alikaa kando yangu bila kufungwa.